Jinsi ya kuomba idhini ya TCRA kwa simu za mezani zisizo na waya: anza na profaili za kipima

Mwongozo huu ni wa mafundi na waagizaji wa Tanga wanaoleta simu zisizo na waya kwa ajili ya hoteli za Raskazone, nyumba za wageni Pangani au ofisi za mashamba ya mkonge, na wanataka kuziombea idhini Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ombi la idhini linasimama juu ya karatasi, na karatasi hizo lazima ziseme kile kile ambacho simu inafanya hewani. Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye kipima cha redio, yaani mashine inayopima mawimbi ya simu, na profaili zake, yaani mipangilio unayoihifadhi ndani yake kwa kila simu, kabla hujafungua mfumo wa maombi.

Jambo moja liwe wazi mapema. Vipimo vya dukani kwako havichukui nafasi ya ripoti ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025. Kazi yake ni kukuhakikishia kwamba simu uliyoishika ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti ya mtengenezaji. Ukigundua tofauti baada ya kontena kushushwa bandarini, umechelewa.

Jua bendi kabla ya kitu kingine

Simu nyingi za aina hii hutumia DECT, mfumo wa redio unaounganisha kipande cha mkononi na kitako chake, lakini DECT si moja dunia nzima. Ya Ulaya hufanya kazi kati ya 1880 na 1900 MHz, ikiwa na chaneli 10. Ya Marekani, ambayo boksi lake huandikwa DECT 6.0, hukaa kati ya 1920 na 1930 MHz na ina chaneli 5. Ile namba 6.0 huwadanganya wengi wakadhani ni toleo jipya zaidi. Ni jina la biashara la soko la Marekani tu.

Kwa nini hili ni zito? Kuanzia 1920 hadi 1980 MHz ndipo simu za mkononi za 3G zinaporushia mawimbi kwenda mnarani. Simu ya DECT 6.0 iliyowashwa jirani na mnara inaongea juu ya sikio la mnara huo. Kodilesi (simu zisizo na waya) za zamani za Marekani za 902 hadi 928 MHz nazo zinaingia kwenye masafa ya GSM 900. Mzigo wa namna hiyo usiuombee idhini, hata ukipewa bure na ndugu aliyeko ng'ambo. Ukitaka kuthibitisha, soma jedwali la mgawanyo wa masafa la TCRA na uweke nakala ya ukurasa husika kwenye faili lako.

Kuandaa chumba na kipima

Washa kipima angalau nusu saa kabla ya kupima ili oselata yake, sehemu inayozalisha masafa, itulie. Angalia tarehe ya mwisho ya cheti chake cha urekebishaji. Masharti ya kawaida ya vipimo vya DECT ni joto la nyuzi 15 hadi 35 na unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 75. Joto la Tanga halina shida sana, unyevu ndio wenye shida: asubuhi ya masika unaweza kupita kiwango hicho bila wewe kuhisi. Fanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi na uandike usomaji wa kipima unyevu kwenye karatasi ya matokeo.

Betri za mkonga, yaani kipande cha mkononi cha kuongelea, ziwe zimejaa. Besi, yaani kitako kinachochomekwa umeme na laini, itumie adapta yake halisi ya 230 V. Ikiwa adapta imeandikwa 120 V peke yake, hiyo ni dalili tosha kwamba simu ilitengenezwa kwa soko jingine.

Kujaza profaili

Kila modeli inahitaji profaili mbili, moja ya besi na moja ya mkonga. Majina ya menyu hutofautiana kati ya kipima na kipima, lakini sehemu za kujaza ni hizi hizi.

Jina la profaili liwe na namba kamili ya modeli kama ilivyo kwenye lebo ya chini, pamoja na herufi za mwishoni. Herufi hizo ndizo mara nyingi zinazotenganisha toleo la Ulaya na la Marekani, na ndizo watu huziacha.

Aina ya kifaa ni swali kuhusu kinachopimwa, si kuhusu kipima. Ukichagua besi, kipima kitajifanya mkonga. Ukichagua mkonga, kipima kitajifanya besi na kurusha mawimbi ili mkonga ujifunge kwake. Ukizigeuza, pande zote mbili zitakaa zikisubiriana na utadhani simu ni mbovu.

Bendi weka ya Ulaya. Chaneli 0 ndiyo ya juu kabisa, 1897.344 MHz, na kila chaneli inayofuata inashuka kwa 1.728 MHz hadi chaneli 9 yenye 1881.792 MHz. Pima ya 0, ya 5 na ya 9, upate juu, kati (1888.704 MHz) na chini.

Utambulisho wa besi, yaani RFPI, una biti 40 zinazoandikwa kwa tarakimu 10 za mfumo wa kumi na sita (0 hadi 9 na A hadi F). Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mkonga uliosajiliwa kwa besi yake hauitikii besi ya kigeni. Ukiuweka mbele ya kipima chenye RFPI ya kubuni, utaendelea kutafuta besi yake na kioo kitaonyesha hakuna mtandao. Dawa yake: pima besi kwanza, acha kipima kisome RFPI yake hewani, kisha nakili tarakimu zote 10 kwenye profaili ya mkonga. Zima besi kabisa kabla ya kuanza kupima mkonga, la sivyo mkonga utarudi kwa mwenyewe. Besi za nyumbani hutumia biti 3 za mwisho kama namba ya kituo, kwa hiyo usishangae tarakimu ya mwisho ikitofautiana kidogo na iliyochapwa kwenye lebo.

Upotevu wa waya ni sehemu ambayo haiwezi kubaki sifuri. Waya wa RG-58 hupoteza karibu 1 dB (desibeli, kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu) kwa kila mita kwenye masafa haya, na viunganishi vinaongeza chao. Ukipima kwa antena ya kunasia badala ya waya, upotevu unakuwa mkubwa zaidi. Upate kwa kupima simu moja ambayo nguvu yake unaijua, kisha usiisogeze ile antena hata kidogo. Ukisahau 3 dB tu, simu yenye 250 mW itasomeka kama yenye nusu yake.

Amri za majaribio: washa ile ya kuzuia kubadili antena na ile ya kuzuia kuhama chaneli. Besi nyingi zina antena mbili na huchagua yenye mapokezi mazuri. Usipoizuia, nguvu itapanda na kushuka kila unapotazama, na hakuna namba utakayoweza kuandika. Simu yenyewe lazima iwe kwenye hali ya majaribio, ambayo huingiwa kwa vitufe vilivyoelezwa kwenye kitabu cha fundi cha modeli hiyo. Usivikisie: kwenye baadhi ya simu mpangilio unaokaribiana na huo hufuta usajili wote.

Mipaka ya kuingiza

Nguvu ya mpigo isizidi 24 dBm, ambayo ni 250 mW. Hii ni nguvu wakati wa mpigo wenyewe. Fremu ya DECT ina urefu wa milisekunde 10 na nafasi 24, na simu hurusha kwenye nafasi moja tu, hivyo wastani wake ni kama 10 mW, karibu 14 dB chini. Ukitumia mita ya kawaida ya wastani utasoma kama 10 dBm na kudhani kipaza nguvu kimekufa. Hakikisha profaili imewekwa kupima mpigo. Kosa hili hili huonekana kwenye fomu za maombi: mtu anaandika 10 mW wakati ripoti ya maabara inasema 250 mW, na ombi linarudishwa kwa kutolingana.

Masafa yasitoke nje ya kHz 50 juu au chini ya chaneli. Kwa mkonga, sekunde 1 ya kwanza baada ya kuanza kuongea unaruhusiwa hadi kHz 100, kwa hiyo weka kipima kisubiri sekunde hiyo ipite kabla ya kurekodi. Mchepuko wa masafa, yaani kiasi yanachoyumba yanapobeba data, uwe kati ya kHz 259 na 403, ukitumia mfuatano wa sifuri nne na moja nne. Kwa upokeaji, shusha mawimbi hadi -83 dBm na uangalie makosa ya biti yasizidi 1 kwa 1,000. Simu zinazodai kufuata GAP, kanuni za DECT zinazowezesha vifaa vya kampuni tofauti kuelewana, zinatakiwa kuhimili hadi -86 dBm. Simu ikishindwa viwango vyote viwili, kagua upya upotevu wa waya kabla ya kulaumu simu.

Kuwasilisha ombi

Hifadhi profaili, chapa ukurasa wake pamoja na matokeo, kisha ulinganishe mstari kwa mstari na ripoti ya maabara ya mtengenezaji: modeli, masafa, nguvu, aina ya antena. Vikikubaliana, ingia kwenye mfumo wa maombi wa TCRA mtandaoni na ufungue akaunti kwa jina la biashara kama lilivyo kwa msajili wa biashara (BRELA) na kwenye namba ya mlipakodi (TIN). Tofauti ya neno moja, mfano Enterprises na Enterprise, inatosha kukukwamisha.

Jaza ombi moja kwa kila modeli. Andaa maelezo ya kiufundi, ripoti za maabara za redio, za usumbufu wa sumakuumeme na za usalama wa umeme, tamko la ulinganifu la mtengenezaji, picha za nje, za ndani na za lebo, na barua ya mtengenezaji inayokuruhusu kumwombea. Ripoti iwe kamili. Ukurasa wa kwanza peke yake hauna faida, maana vipimo viko ndani. Weka simu kamili pembeni, besi na mkonga, endapo sampuli itatakiwa.

Malipo hufanywa kwa kontroo namba kupitia benki au simu. Usimpe mtu fedha mkononi akulipie, na hifadhi risiti. Kumbuka pia kwamba idhini ya modeli ni kitu kimoja, na leseni ya kuagiza, kuuza au kufunga vifaa vya mawasiliano ni kitu kingine. Cheti cha Shirika la Viwango (TBS) nacho hakifuti hitaji la TCRA. Wakala wako wa forodha, mzigo ukipitia bandari ya Tanga au mpaka wa Horohoro, apewe nakala ya cheti kabla hajaanza kutoa mzigo.

Cheti kikitoka, profaili zako usizifute. Kila shehena mpya ikifika, toa seti moja bila kuchagua na uipitishe kwenye profaili ile ile. Watengenezaji hubadilisha saketi ndani bila kubadilisha jina la boksi. Ukikuta chaneli ya 1921.536 MHz kwenye modeli uliyoiombea idhini ya Ulaya, shehena hiyo haina idhini, hata kama lebo inafanana. Na seti iliyopimwa itoe kwenye hali ya majaribio, isajili upya kwa besi yake na upige simu moja kabla ya kuirudisha kwenye boksi, maana mkonga uliobaki kwenye hali hiyo hauwezi kupiga wala kupokea.