Kukutana na Mickey bila kilio: mwongozo kwa wenye watoto wadogo

Mtoto wa miaka 2 aliyezoea kumwona Mickey kwenye simu anamjua akiwa na ukubwa wa kidole. Akifikishwa Walt Disney World, eneo la bustani za burudani karibu na Orlando huko Florida, Marekani, anamkuta amempita baba upana, kichwa kama beseni la kufulia, uso hautikisiki na mdomo hausemi. Si ajabu akiangua kilio.

Mwaka 1969 mwanasaikolojia Rheta DeVries alichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Walionyeshwa paka mpole aitwaye Maynard, kisha paka akavishwa kinyago cha mbwa. Wengi wa miaka 3 waliamini amegeuka mbwa kweli. Wale wa miaka 6 walijua ni paka yuleyule. Kwa hiyo kumnong'oneza mtoto wa miaka 3 kwamba "ni mtu tu yumo ndani" hakumsaidii, na pengine kunamtisha zaidi. Kinachomtuliza ni umbali na muda, na vyote viwili unaweza kumpangia.

Nani awe wa kwanza

Wahusika, yaani wafanyakazi waliovaa kama viumbe wa hadithi na katuni za Disney, ni wa aina mbili. Wapo wenye uso wa mtu, kama Cinderella, Tiana na Rapunzel, ambao huzungumza. Wapo waliofunikwa kichwa hadi mguu, kama Mickey, Minnie, Goofy na Pluto, ambao hujieleza kwa ishara tu. Mtoto mwoga aanze na binti mfalme, maana uso anaouona ni wa mtu anayecheka na kupepesa macho. Tatizo ni kwamba binti mfalme ataongea Kiingereza, na mtoto wa nyumba ya Kiswahili anaweza kuwa bubu ghafla. Mfundishe mapema maneno mawili tu: jina lake na umri wake, kwa sababu hayo ndiyo huulizwa kwanza. Kwa Mickey lugha si kikwazo. Mtoto aliyetoka Muscat au Mombasa anapunga mkono sawa na wa Chicago.

Kabla ya kumpanga kwenye foleni yoyote, mwonyeshe wahusika kwa mbali. Gwaride la mchana la Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, linafaa sana kwa hili: wanapita barabarani, wanapunga, wanaondoka, na hakuna anayemtaka asogee. Simama nyuma ya waliokaa ukingoni, ukiwa umempakata. Akipunga mkono mwenyewe, yuko tayari. Akificha uso begani kwako, foleni ya siku hiyo iahirishe.

Mahali na saa

Pakua programu ya My Disney Experience kabla ya safari. Inaonyesha nani yuko wapi, saa ngapi, na foleni ina dakika ngapi. Ndani ya Magic Kingdom, Mickey hukutwa Town Square Theater, jengo lililo karibu kabisa na lango. Mabinti wafalme wako Princess Fairytale Hall, eneo la Fantasyland. Pete's Silly Sideshow, hema lililo upande wa Storybook Circus, hupendwa na wenye watoto wengi kwa sababu foleni moja inakupa wahusika wawili: ama Minnie na Daisy, ama Goofy na Donald. Sehemu hizo tatu ziko ndani na zina kiyoyozi. Kati ya Juni na Septemba hilo si jambo dogo: joto la Florida ni kali, na mvua za radi za alasiri husimamisha mikutano ya nje bila taarifa ndefu.

Nenda asubuhi, bustani inapofunguliwa. Watu wengi hukimbilia michezo mikubwa saa hiyo, na mtoto naye bado hajachoka. Saa mbaya kuliko zote ni ile kabla ya usingizi wake wa mchana. Mtoto mwenye usingizi hulia hata kwa bibi yake, sembuse kwa bata mwenye kofia ya baharia.

Wahusika wa nje hutoka kwa vipindi vifupi, kisha huenda kupumzika. Pembeni yao husimama mfanyakazi msindikizaji, na ndiye anayeijua foleni. Usijipange kabla ya kumuuliza kama foleni bado iko wazi, na kama imefungwa, mhusika atarudi saa ngapi. Foleni hufungwa mapema kuliko kipindi kinavyoisha ili waliokwisha kujipanga wapate zamu, na familia isiyouliza hubaki imesimama juani bure. Mpeleke mtoto msalani kabla, si mkiwa katikati. Kigari cha mtoto huachwa nje kwenye maegesho yake, hivyo toa pampasi, maji na simu uende navyo. Kigari kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu. Kikizidi hakipiti langoni.

Mtoto mwenye usonji au hali nyingine ya ukuaji inayomfanya ashindwe kukaa foleni anaweza kuombewa huduma ya DAS (Disability Access Service), inayomwezesha kusubiri zamu nje ya foleni. Maombi hufanywa kwa simu ya video kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri mfike.

Foleni inapofika kwenu

Mna dakika moja au mbili. Zamu ikikaribia, fungua kitabu cha saini, yaani daftari ambalo wahusika humwandikia mtoto majina yao, kwenye ukurasa mtupu, toa kifuniko cha kalamu, na umkabidhi msindikizaji au mtoto mkubwa. Tumia makapeni nene; mkono wa Mickey una vidole vinne ndani ya glavu, na kalamu nyembamba humponyoka. Jalada la kitabu liwe gumu. Wahusika hawasaini ngozi wala nguo iliyo mwilini. Fulana isainiwe kabla haijavaliwa.

Simama hatua tatu au nne kutoka kwa mhusika, piga goti ufikie kimo cha mtoto, mkae hapo kidogo. Mhusika mzoefu ataona, naye atainama au kupunga kwa mbali. Tangulia wewe: mpe mkono, gonganeni viganja, cheka. Kaka au dada afuate. Mdogo akitaka, atakuja mwenyewe, na mara nyingi huanza kwa kugusa glavu au mkia. Akikataa, picha ya familia ipigwe ukiwa umempakata, wewe ukiwa katikati yake na mhusika. Ni picha nzuri tu.

Hapa ndipo malezi yetu hugongana na hali halisi. Mtoto amezoea kuambiwa "msalimie mgeni", na asiposalimia mzazi huona aibu mbele ya watu. Mickey si mjomba aliyekuja kutoka safari. Hadai shikamoo, na waliopanga foleni nyuma yenu wameona watoto wakilia tangu asubuhi. Ukimsukuma mtoto kwa nguvu ili mpate picha, utapata picha ya kilio, na mtoto atamkimbia pia mhusika wa pili na wa tatu. Akilia, ondokeni mara moja, mwambie msindikizaji asante, wala usimcheke. Baada ya kula na kulala, rudi kwenye kupunga kwa mbali.

Mwendeeni mhusika kwa mbele. Kuona kutoka ndani ya kichwa kikubwa ni kwa shida, hasa chini, na mtoto anayejipenyeza kutoka nyuma anaweza kukanyagwa bila mtu kukusudia. Kwa sababu hiyohiyo usimkabidhi mhusika kichanga akibebe: glavu ni nene, na haoni vizuri anachokishika. Mama asiyependa kukumbatiwa na mhusika wa kiume amwambie msindikizaji mapema, au asimame upande wa pili wa mtoto huku ameweka mkono kifuani. Wanaelewa.

Mpiga picha wa bustani akiwepo, mpe simu yako pia. Hupiga bila malipo. Picha za kamera yake ndizo zinazouzwa.

Kukutana mezani

Kuna migahawa ambayo wahusika hupita meza kwa meza: Crystal Palace ndani ya Magic Kingdom ana Winnie the Pooh na wenzake, Tusker House ya Animal Kingdom, bustani nyingine ya hapohapo, ana Donald na wenzake waliovaa kama watalii wa mbugani, na Chef Mickey's iko kwenye hoteli ya Contemporary. Ni ghali, lakini kwa mtoto mwoga fedha hiyo haipotei: ameketi, ana chakula, na anaona watoto wa meza za jirani wakikumbatiwa kabla zamu yake haijafika. Mkalishe akitazama ukumbi, kamwe asiupe mgongo, maana mkono mkubwa ukimgusa bega kutoka nyuma mlo umekwisha. Nafasi za meza hufunguliwa siku 60 kabla, na za asubuhi huisha haraka. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi chakula cha kujihudumia wala tiketi ya kuingia; kuanzia miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto.

Kuhusu mavazi: mtoto wa chini ya miaka 14 anaruhusiwa kuvaa kama mhusika, mtu mzima haruhusiwi. Magauni ya mabinti wafalme yanayouzwa madukani huwasha kwenye joto. Mvalishe fulana ya pamba ndani yake, na kaptura nyepesi iwe begini. Pitieni pia City Hall, upande wa kushoto mkiingia, mwombe beji ya bure ya ziara ya kwanza au siku ya kuzaliwa. Waombe waandike jina la mtoto kwa herufi kubwa, kisha uibandike juu kifuani: binti mfalme akilisoma, ataita jina kabla mtoto hajapata muda wa kujificha.