Gia kumi kuwa moja: kuigeuza baiskeli ya mbio iwe ya tairi nene

Hapa Walukuba, Jinja, Uganda, niliikuta imeegemezwa kwenye banda, kazi yake kuzuia kuku wasitoke. Baiskeli ya mbio ya zamani, usukani umepinda kama pembe za kondoo, magurudumu mawili ya meno mbele na matano nyuma, ndiyo hizo gia kumi. Zinakuja na mitumba, zinakimbia vizuri kwenye lami, halafu tairi zake nyembamba zinakutana na marramu, barabara isiyo na lami, na mchezo unaisha. Niliinunua kwa bei ya kuku wake.

Sasa kila anayeniona nayo anauliza tairi nene nimezitoa wapi. Tairi hazikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni breki, na huko ndiko tutakaa zaidi.

1. Pima kabla hujatoa hela

Chukua sumaku. Ikinata, fremu ni ya chuma, endelea. Isiponata ni alumini, na hiyo usijaribu kuipanua wala kuibana mahali ekseli inapokaa. Kisha tazama nafasi inapoingia ekseli ya nyuma. Ikiwa ni ufa mrefu unaoelekea mbele, una bahati, kwa sababu gurudumu litarudishwa nyuma kukaza mnyororo. Ikiwa ni ufa wa kwenda juu tu, utahitaji kifaa cha kukazia mnyororo.

Halafu pima upana kati ya vyuma viwili vinavyotoka kwenye pedeli kwenda nyuma, pale tairi itakapopita. Yangu ilikuwa milimita 58. Tairi ya 1.75 ina upana wa milimita 47 hivi, ikabaki nafasi ya tope pande zote mbili. Ile ya 2.125 ni milimita 54, ingekwangua fremu siku ya kwanza ya mvua.

2. Inchi 26 ziko za aina nyingi

Hapa watu wengi hupoteza hela. Gurudumu la zamani la gia kumi kwa kawaida ni inchi 27, na tunashuka hadi 26 ili tairi nene ienee. Lakini tairi iliyoandikwa 26 x 1.75 na ile iliyoandikwa 26 x 1⅜ haziingiliani. Ya nukta (1.75) inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559, ya sehemu (1⅜) inakaa kwenye 590. Muuzaji atakuambia "zote ni ishirini na sita", na hadanganyi, ila haitaingia hata ukiisukuma kwa vijiko vitatu vya kufungulia tairi. Soma ubavuni mwa tairi: unatafuta 47-559.

Baada ya kubadilisha, pedeli zitakaribia ardhi kwa kama sentimita mbili. Ukikata kona kali, acha kukanyaga.

3. Vua

Gia zote, nyaya zake, na vile vijiti vya kubadilishia. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, usipigane nayo. Mbele toa gurudumu kubwa la meno 52, bakiza dogo. Langu lina meno 42. Bolti zitakuwa ndefu baada ya hapo, jaza washa, zile pete bapa za chuma. Kama magurudumu hayo mawili yamepigiliwa pamoja, yaache yalivyo, mnyororo utakaa kwenye dogo.

4. Breki

Rimu mpya ni fupi kuliko ya zamani kwa milimita 35 kila upande. Zile breki za kubana zilizokuwepo, raba zake zitaning'inia hewani na kubana tairi badala ya rimu. Kwa hiyo nyuma nikaweka gurudumu lenye breki ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), ile ya kukanyaga pedeli kinyume. Habu yake ni nyembamba kuliko nafasi ya fremu, ambayo kwa gia kumi ni milimita 120. Nikajaza washa pande zote mbili, sawa kwa sawa.

Habu hiyo ina mkono wa chuma upande wa kushoto, unaofungwa kwenye fremu kwa kibanio. Mimi sikuwa na kibanio, nikafunga kwa waya wa kuchomelea. Nikashuka mteremko wa kwenda Masese. Nilipokanyaga kinyume, waya ukakatika "twa!", mkono ukazunguka, na pedeli zikarudi nyuma laini kama zinasaga hewa. Nikaburuza lugabire, ndala zangu za tairi, hadi zikanuka, nikaishia kwenye fungu la miwa la mama mmoja. Miwa nilinunua yote iliyovunjika. Kibanio chenyewe ni kipande cha bati nene na bolti moja.

Na hata mkono ukiwa imara, mnyororo ukidondoka, breki hiyo haipo tena. Lazima mbele kuwe na breki nyingine. Nilitafuta uma wa mbele wa baiskeli ya mlima, wa chuma, wenye vishikio vya breki. Pima shingo yake: unene uwe milimita 25.4 kama wa zamani. Ikiwa ndefu inakatwa, lakini hakikisha nyuzi za skrubu zinashuka vya kutosha. Uma huu ni mrefu kidogo, unainua mbele, nami napenda hivyo.

5. Mnyororo na usukani

Mnyororo wa baiskeli nyeusi za mizigo unafaa, ule mpana wa gia moja. Simama nyuma utazame: meno ya mbele na ya nyuma yawe mstari mmoja. Meno ya nyuma ya habu hii yamebonyea kidogo, ukiyageuza yanasogea milimita chache. Mnyororo ucheze kama sentimita moja katikati. Usukani mpana na tandiko la springi, chagua moyo unapopenda.

Maswali ya wasomaji

*Kaka, mimi niko Kampala, vilima vyetu unavijua. Gia moja nitaiweza?*
Kwa meno 42 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 4.8. Weka 22 nyuma, itakuwa kama 3.9 na kifua kitapumua. Si bure Waganda wanaiita baiskeli maanyi ga kifuba, nguvu za kifua.

*Mzee, kwa nini nisifunge friwili ya gia moja (gurudumu la meno linalokuruhusu kuacha kukanyaga) kwenye habu yangu ileile?*
Inaingia, nyuzi ni zilezile, isipokuwa Peugeot za zamani na wenzake wa Kifaransa, nyingi zina nyuzi zao. Lakini breki ya nyuma utaitoa wapi, ukishaweka rimu ya 26? Rudi hatua ya nne.

*Sina fundi wa kubadilisha uma. Hakuna njia rahisi?*
Ipo. Tumia magurudumu yanayoandikwa 700C, rimu ya milimita 622. Raba za breki zinashuka milimita 4 tu, mara nyingi zinafika. Tairi ya milimita 35 itakuwa nene kuliko ulizozoea, ila pima nafasi kwanza, mbele na nyuma.

*Naweza kubeba madumu mawili ya maji?*
Dada, hayo ni kilo 40, na fremu ya mbio ina mabomba mepesi. Dumu moja nimebeba, kwenye keria, tena kwenye tambarare. La pili mwachie mwenye baiskeli nyeusi.

*Yule mama wa miwa bado anakuuzia?*
Ananiuzia, ila nikishuka mteremko anasimama kwanza.