Kumpima na kumtibu mgonjwa wa kidole tumbo pasipo na kipimo cha CT

Mgonjwa wa kidole tumbo (apendiksi iliyovimba) akifika kituo cha afya Makete, Ileje au Kilolo, kusini mwa Tanzania, mara nyingi ameshatibiwa ugonjwa mwingine. Kaambiwa ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), taifodi au malaria, kameza dawa siku mbili, maumivu yakapoa kidogo, kisha yakarudi kwa nguvu. Mwongozo huu ni wa tabibu na muuguzi anayempokea akiwa na mikono yake, maabara ndogo, na pengine ultrasaundi.

Maumivu yalianzia wapi?

Mwulize yalianzia wapi na sasa yako wapi. Kwa kawaida huanza kuzunguka kitovu, hamu ya kula inakatika, anatapika mara moja au mbili, na ndani ya siku moja maumivu yanahamia chini upande wa kulia. Zingatia kipi kilitangulia. Kwa kidole tumbo, maumivu hutangulia kutapika. Kutapika na kuharisha vikianza ndipo tumbo likauma, fikiria kwanza maambukizi ya utumbo. Lakini kidole kilicholala chini ndani ya fupanyonga huleta kuharisha kidogo kidogo na kukojoa mara kwa mara, na kikigusa ureta (mrija wa mkojo kutoka figo) au kibofu, seli nyeupe chache zitaonekana kwenye mkojo. Hao ndio wanaoandikiwa UTI na kurudishwa nyumbani.

Kipimo cha damu cha Widal peke yake hakithibitishi taifodi, tena hakiondoi kidole tumbo. Taifodi inayotoboa utumbo kwa kawaida hutanguliwa na homa ya wiki mbili au zaidi. Kuhusu malaria, mahali mgonjwa anapoishi pana maana. Kyela malaria ni jambo la kila siku, na mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Mtibu malaria kama ipo, lakini endelea kulichunguza tumbo. Huko juu Makete, kwenye baridi, homa yenye maumivu ya kulia chini isikupeleke kwenye malaria kabla hujashika tumbo.

Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa apimwe UPT (kipimo cha mimba), hata akisema hawezi kuwa na ujauzito. Mimba nje ya mfuko wa uzazi inaua haraka kuliko kidole tumbo. Mvulana akaguliwe kende, kwa sababu kende lililojinyonga huuma tumboni. Mtoto asikilizwe kifua, maana nimonia ya chini kulia huigiza kidole tumbo vizuri mno.

Kushika tumbo

Mwambie akohoe, kisha aonyeshe kwa kidole kimoja panapouma zaidi. Pasha mikono joto, anza kushika mbali na hapo, chini kushoto, ukitazama uso wake na si mkono wako. Ukibonyeza kushoto akasikia maumivu kulia, hiyo ni dalili ya Rovsing. Nukta ya McBurney, iliyoelezwa mwaka 1889, unaipata hivi: pima kutoka mfupa wa nyonga unaotokeza mbele kulia hadi kitovuni, kisha simama kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa. Usimtese kwa kubonyeza sana na kuachia ghafla. Kugonga taratibu kwa ncha ya kidole kunatosha kuonyesha kama utando wa tumbo umewashwa. Mtoto mwambie aruke kwa mguu wa kulia.

Tumbo likiwa laini mbele lakini simulizi inakushawishi, mlaze ubavu wa kushoto uuvute mguu wa kulia nyuma ukiwa umenyooka. Akilalamika, huenda kidole kimejificha nyuma ya utumbo mpana. Hawa ndio wanaopotea zaidi.

Alama za Alvarado, na mtego wake

Mfumo huu wa mwaka 1986, wa kukadiria uwezekano wa kidole tumbo, una jumla ya alama 10. Maumivu kuhama, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, maumivu ya kuachia (yanayosikika mkono ukiondolewa tumboni), na joto la 37.3 au zaidi: kila kimoja alama 1. Maumivu ya kubonyeza chini kulia: 2. Seli nyeupe zaidi ya 10,000: 2. Nyutrofili (aina mojawapo ya seli nyeupe) zaidi ya asilimia 75: 1. Chini ya 5, uwezekano ni mdogo. 5 na 6, mlaze umfuatilie. 7 kwenda juu, mwandae kwa upasuaji.

Mtego upo hapa: bila FBP (hesabu kamili ya chembe za damu), mgonjwa hawezi kuzidi alama 7. Kwa hiyo 5 iliyopatikana kitandani pekee inaweza kuwa 8 damu ikipimwa. Usimruhusu mtu kwenda nyumbani kwa alama ndogo iliyokosa maabara. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mfumo huu ni mzuri zaidi kwa kuondoa ugonjwa kuliko kuuthibitisha, huwapandisha wanawake kupita kiasi, na kwa watoto hautabiriki. Jambo jingine la kwetu: Njombe, Iringa na Mbeya zina kiwango kikubwa cha VVU, na mgonjwa mwenye kinga iliyoshuka anaweza kuwa na kidole kilichooza huku seli nyeupe ziko kawaida. Kwake fikiria pia TB ya tumbo.

Ultrasaundi husaidia ikionyesha kidole kinene zaidi ya milimita 6 kisichobonyea. Ripoti ya "kidole hakikuonekana" haina maana ya kwamba kizima. Ukiwa na shaka, mtu yuleyule arudie kumshika baada ya saa 6 hadi 8. Ugonjwa huu hujionyesha kwa kubadilika.

Kabla gari la rufaa halijaondoka

Asile wala asinywe. Weka dripu ya Ringer. Mtu mzima aliyekauka mpe mililita 500 hadi 1,000 haraka, mtoto mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kisha mpime upya. Mkojo wa mtu mzima ufike angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa. Kwa mtu mzima mwenye kidole tumbo, ceftriaxone gramu 2 kwa mshipa mara moja kwa siku na metronidazole miligramu 500 kila saa 8. Mtoto: ceftriaxone miligramu 50 kwa kilo isiyozidi gramu 2, na metronidazole miligramu 7.5 kwa kilo kila saa 8. Uliza kwanza kuhusu mzio. Ceftriaxone isichanganywe na Ringer kwenye mpira mmoja, kwa kuwa hushikana na kalisiamu. Safisha mpira kwa maji ya chumvi kabla na baada.

Mpe dawa ya maumivu. Ile imani kwamba itaficha ugonjwa imepimwa na tafiti nyingi na haikusimama. Kinachodhuru ni dawa ya kumharishisha mgonjwa na enema, za hospitali au za mitishamba. Uliza waziwazi, bila kumfokea mtu. Chale mbichi tumboni zinakuambia maumivu yana siku kadhaa.

Kwenye barua ya rufaa andika saa maumivu yalipoanza, alama zako na kipi hakikupimwa, dawa na saa yake. Piga simu kabla. Kati ya Novemba na Aprili barabara za Ludewa na Makete hazikadiriki, kwa hiyo usisubiri alama ya 7 ndipo uombe gari.

Dawa peke yake au kisu?

Wagonjwa sasa wanauliza, na wana haki. Utafiti wa APPAC wa Ufini (2015), wenye watu 530, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya waliopewa antibayotiki pekee walipasuliwa ndani ya mwaka mmoja. Baada ya miaka mitano walifika asilimia 39. CODA wa Marekani (2020), wenye watu 1,552, ulikuta karibu 3 kati ya 10 wamepasuliwa ndani ya siku 90, na kwa wenye kijiwe ndani ya kidole, 4 kati ya 10.

Ni matokeo mazuri, ila tazama nani walioingizwa. Ugonjwa wao ulithibitishwa kwa picha, wengi kwa CT, na waliokuwa na usaha uliosambaa tumboni hawakuchukuliwa. Ukiwa na mikono na ultrasaundi tu, hujui kama kuna kijiwe, na mgonjwa anayerudi Lupila, huko Makete, hawezi kurudi usiku maumivu yakianza tena. Kwa maoni yetu, hapa upasuaji unabaki chaguo la kwanza, na antibayotiki ni daraja la kumfikisha. Zikitumika peke yake, zifae kwa mtu mzima aliyeelezwa vizuri, asiye mjamzito, anayekaa karibu na chumba cha upasuaji. Mwenye uvimbe unaoshikika na hali tulivu, ni tofauti: apewe dawa na kufuatiliwa hospitalini, kwa sababu kuupasua uvimbe huo ni kutafuta utumbo uliochanika.

Kuhusu muda, utafiti wa PERFECT wa Ufini na Norwei (2023) uliona kwamba kusubiri hadi saa 24 badala ya 8 hakukuongeza kutoboka. Saa hizo zilihesabiwa mgonjwa akiwa tayari wodini, kwa ugonjwa usio na matatizo. Usizitumie kuhalalisha kumchelewesha mgonjwa kituoni.

Baada ya upasuaji

Dozi ya antibayotiki itolewe ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana. Kidole kikikutwa kimevimba tu, hakijatoboka, dozi za baadaye hazihitajiki. Kumwandikia siku saba ni kupoteza dawa. Kikiwa kimetoboka, endelea siku 4 hadi 5. Utafiti wa Uholanzi wa 2023 ulitosheka na siku 2, lakini karibu wote walipasuliwa kwa kamera katika hospitali zenye kila kitu. Kwa upasuaji wa wazi usiunakili.

Homa inayorudi kati ya siku ya 5 na ya 10, kwikwi, au kuharisha ute ni usaha uliojikusanya fupanyongani mpaka uthibitishe vinginevyo: pima kwa njia ya haja kubwa, kisha ultrasaundi. Kidole kilichotolewa kitumwe kwa patholojia pale inapowezekana, maana ndani yake hukutwa kichocho, TB na wakati mwingine uvimbe. Mgonjwa aliyezidi miaka 40 aliyetibiwa uvimbe bila kupasuliwa apangiwe uchunguzi wa utumbo mpana baada ya wiki 6 hadi 8, kwa ajili ya saratani.