Kukata rufaa kesi ya chakula kilichokudhuru (Kenya), hatua kwa hatua

Mimi ni karani kwa ofisi ya wakili na nilidhani haya mambo nayajua, mpaka shangazi yangu akala biriani ya harusi, akalazwa siku nne, akashtaki mpishi aliyekodiwa, akashindwa. Rufaa yake nikaishughulikia mimi.

Hatua ya 1: siku. Toka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu una siku 30, ni kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Hesabu toka siku hukumu iliposomwa, usingoje nakala. Siku hiyohiyo peleka barua ya kuomba mwenendo wa kesi uchapwe, na kopi yako ipigwe muhuri. Kama ulikuwa Mahakama ya Madai Madogo, rufaa ni ya hoja za sheria tu.

Hatua ya 2: hati ya rufaa. Sababu fupi, zenye namba, bila hadithi. Zile sampuli za kudaunilodi achana nazo, sababu 19 zinasema kitu kimoja. Zetu zilikuwa nne. Na usimjazie jaji habari za konokono kwenye chupa ya Paisley (kesi ya Uskoti ya Donoghue dhidi ya Stevenson, mama aliyesema soda yake ilikuwa na konokono), tangu 1932 kila wakili anajua mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji (na hata huyo konokono hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kama alikuwepo).

Hatua ya 3: ripoti ya maabara iko wapi hasa? Hapa ndipo nilipopoteza wikendi mbili. Ripoti ya choo ilionyesha Salmonella, bakteria wa chakula kichafu, iko kwenye faili ukurasa wa 14, ina muhuri, kila mtu ameiona. Shangazi ananiambia "mwanangu, si hiyo hapo?" Sasa soma mwenendo wenyewe, mstari kwa mstari: pembeni ya ripoti hakimu ameandika "MFI 3", yaani imetiwa alama ya kutambuliwa tu, inangoja daktari au mtu wa maabara aje aiwasilishe rasmi kama ushahidi. Hakuja. Kwa hivyo kisheria ile karatasi si ushahidi, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo 2015 kwenye kesi ya Kenneth Nyaga Mwige. Unaweza kuomba kuleta ushahidi wa ziada, kifungu cha 78 cha sheria ileile na Amri ya 42 kanuni ya 27 ya Kanuni zake, lakini jaji hakuachii uzibe tobo uliloliacha mwenyewe, lazima uwe na sababu nzito, na "wakili alisahau" haimo.

Tukarudi kwa ushahidi uliopokelewa kweli: karatasi za matibabu na mashahidi watatu waliokula pamoja naye. Kwa kuwa ni rufaa ya kwanza jaji anapima ushahidi wote upya, ndiyo kesi ya Selle ya 1968, akikumbuka tu kwamba mashahidi hakuwaona yeye. Nilichukua kaunta buku, si kompyuta, kompyuta inakufanya uone umemaliza kabla hujafikiri, nikachora safu: nani, alikula saa ngapi, tumbo lilianza saa ngapi. Shangazi alikula saa nane mchana, akaanza saa tisa usiku, masaa 13, na Salmonella kawaida ni masaa 6 hadi 72, inaingia vizuri. Lakini shahidi mmoja alitapika baada ya masaa mawili, hiyo yaweza kuwa sumu ya staphylococcus au bakteria wa wali uliolala, na wakili wa mpishi alimshikilia huyohuyo kusema harusi haikuwa na ugonjwa mmoja. Huyo shahidi mtaje wewe kwanza, mweleze wewe, usimfiche.

Hatua ya 4: rekodi ya rufaa. Ni kitabu cha nyaraka za kesi anachosoma jaji: namba za kurasa, fahirisi, hati za madai, mwenendo, vielelezo, hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu).

Hatua ya 5: gharama. Rufaa peke yake haizuii mshindi kudai gharama alizopewa, ombi la kusimamisha utekelezaji linapelekwa peke yake, Amri ya 42 kanuni ya 6. Mimi nilichelewa nalo, na dalali akafika kwa shangazi kuandika friji na viti vya sebuleni huku rufaa tumeshaifaili.