Kupanga siku za riwaya ya visiwani: mwezi, maji na upepo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kumaliza rasimu ya kwanza ya riwaya yake, na mambo yake yanapita Unguja au Pemba. Kama huna rasimu, kaandike kwanza. Ratiba isiyo na hadithi ni kazi bure.

1. Daftari

Chukua daftari kubwa la mistari na penseli. Programu za kupangia riwaya ziache: nyingi zinakupa Januari hadi Disemba basi, na kalenda ya pili, ile ya Kiislamu inayofuata mwandamo wa mwezi, inapotea. Piga safu sita: sura, siku, tarehe, mwezi ngapi (yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama), saa, upepo.

2. Siku na tarehe

Pitia sura moja moja ujaze. Palipoandikwa "usiku wa Ijumaa" pabadilishe pawe "usiku wa kuamkia Ijumaa" au "Ijumaa usiku", kwa maana wazee watausoma usiku wa kuamkia Ijumaa, na vijana usiku wa kuamkia Jumamosi.

3. Mwezi na maji

Hapa ndipo rasimu nyingi zinapovunjika, na kurekebisha hula siku nzima. Usiharakishe.

Kwanza tafuta mwezi ngapi kwa kila tukio la nje, hasa la usiku. Mwezi mchanga huzama muda mfupi baada ya Magharibi. Mwezi 15 huchomoza Magharibi na kukesha. Mwezi 22 huchomoza karibu na usiku wa manane. Kwa hiyo mwizi wako hawezi kuonekana kwa mbalamwezi saa 3 usiku katika mwezi 25.

Tarehe za historia ndizo zenye mtego. Anayeandika juu ya usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Januari 1964 asitie mbalamwezi: mwezi wa Shaaban ulikuwa ukimalizika, na Ramadhani iliingia siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya usiku huo. Usiku ule ulikuwa wa kiza, na nyumba nyingi zilikuwa zikijiandaa kwa mfungo. Mambo mawili hayo yanakupa sura nzima bila ya kubuni kitu.

Angalizo: kalenda za kubadilisha tarehe huweza kukosea siku moja, maana huku mwezi huandama kwa kuonekana. Kama hadithi haihitaji siku kamili, andika "mwezi 10 hivi" daftarini na usonge mbele. Pia mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, hivyo Ramadhani ya utoto wa mhusika haiangukii msimu ule ule wa uzee wake.

Sasa maji. Kwa makadirio ya mwandishi (si ya nahodha!), mwezi 1 na mwezi 15 maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Mwezi 5 ni siku nne mbele, yaani saa 3 na dakika 20: maji yatajaa saa 1 na dakika 20 na kupwa saa 7 na dakika 20. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huwa kali zaidi siku moja au mbili baada ya mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Karibu na mwezi 8 na 22 ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Tuseme Bi Tatu wa Jambiani anafunga mwani saa 10 jioni, na jioni hiyo hiyo mwezi mpevu unatoka baharini. Haiwezekani: saa hiyo shamba lake limefunikwa. Ukimwondolea mwezi mpevu ukampa mwezi 8, maji yatapwa saa 10 kweli, lakini ni maji mafu na huenda vigingi vyake visifikike. Lililobaki ni kumpeleka saa 4 asubuhi. Hapo mtoto wake yuko skuli, kwa hiyo mazungumzo yao ya ufukweni yatafute pahala pengine. Fuata uharibifu huo mpaka mwisho wa sura kabla ya kugusa sura nyengine.

4. Upepo

Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ni Disemba hadi Machi; halafu mvua za masika; kusi, upepo utokao kusini, hadi Septemba au Oktoba; kisha mvua za vuli. Jahazi la zamani liendalo Arabuni huondoka na kusi, halirudi mpaka kaskazi. Kwa Pemba, karafuu zinazoanikwa zinataka jua la siku kadhaa, na vuli inaweza kuzikuta kwenye majamvi. Ugomvi wa nyumbani uuweke hapo.

5. Kuandika upya

Ukishajua hesabu, ifiche. Msomaji hataki somo la bamvua. Anataka kuona Bi Tatu kafunga kanga kiunoni, maji yako magotini na yanapanda, na kamba mbili bado hazijafungwa.

6. Msomaji wa kwanza

Kurasa za bahari mpe mvuvi, hizo tu. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia nzuri. Muulize mhusika amesimama wapi, maji yamemfika wapi, na upepo unamtokea upande gani. Asipoweza kujibu, rudi kwenye safu ya tano na ya sita.