Muhula mmoja Granada: kujipanga kuanzia idarani kwako hadi mtihani wa mwisho

Karibu kila anayeniuliza kuhusu muhula niliosoma Hispania huanza na viza. Namrudisha nyuma kidogo. Viza inasumbua, lakini ina utaratibu unaojulikana. Kilichoniumiza mimi ni karatasi moja ya kozi ambayo ubalozi hauna habari nayo.

Hatua ya 1: Anzia chuoni kwako

Nafasi za Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa sisi tulio nje ya Ulaya hutokana na makubaliano kati ya vyuo viwili. Huombi Brussels, makao makuu ya Umoja huo. Unaomba ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, nayo ndiyo inayopeleka jina lako kule. Basi swali la kwanza ni hili: chuo chenu kina mkataba na chuo gani cha Hispania? Kwangu ilikuwa Granada. Kama kwako ni Salamanca au Valencia, mengi ya hapa chini yatakufaa vilevile.

Hatua ya 2: Kozi, na sahihi zake

Muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu kazi ya masomo. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, pamoja na kujisomea, na kozi nyingi zina krediti 6. Kwa hiyo unatafuta kozi tano, kila moja ikae mahali pa kozi fulani ya nyumbani.

Mimi nilichagua kwa kuangalia majina. Nilipofika, kozi mbili zikagongana Jumanne, moja kampasi ya juu kilimani, Cartuja, nyingine kampasi ya huku chini, Fuentenueva. Ya tatu haikufundishwa muhula ule kabisa. Nikabadilisha haraka, nikasema sahihi ya idara yangu kwenye karatasi ya kozi nitaitafuta baadaye. Ilichelewa, na kozi moja niliyoifaulu vizuri haikuhesabiwa. Nikaisoma upya nyumbani na wadogo zangu wa mwaka wa nyuma.

Wewe fungua *guía docente*, yaani mwongozo wa kozi, ya kila kozi kwenye tovuti ya chuo. Humo mna muhula inapofundishwa, lugha ya kufundishia na namna ya kupima. Kisha tafuta ratiba ya kitivo uzilinganishe. Andika kozi mbili za akiba, na mkuu wa idara azipitishe hizo nazo kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 3: Hesabu siku kabla ya kuomba viza

Namba ya kukumbuka ni siku 180. Muhula wa Septemba hadi mwanzoni mwa Februari unatosha ndani ya siku hizo, na viza pekee inakutosha. Ukizidisha, hata kwa kuongeza kozi ya lugha mwanzoni, unadaiwa cheti cha daktari na cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu. Tena ukishafika, ndani ya mwezi mmoja uombe kadi ya ukaazi iitwayo TIE na kupiga alama za vidole polisi. Kama huna sababu nzito, baki chini ya 180.

Mtanzania anaomba ubalozini Dar es Salaam, Mkenya Nairobi. Kiwango cha fedha za kujikimu unachotakiwa kuonyesha hupimwa kwa kipimo cha serikali yao kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2024 kilikuwa euro 600 kwa mwezi. Barua ya ufadhili yenye kiasi na tarehe hufanya kazi hiyo. Bima ya afya iwe ya muda wote wa kukaa kwako.

Hatua ya 4: Lugha, na hapa una mtaji

Irabu za Kihispania ni zetu zilezile tano. ñ ni *ny* ya nyumba. z ni *th* ya thelathini. j ni *kh* ya mtu wa pwani anaposema kheri. d katikati ya neno, kama *nada*, inakaribia *dh* ya dhahabu. Wenzangu wa Ulaya walihangaika na sauti hizi wiki nzima, mimi nikawa nasoma mabango kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kuna na undugu wa Kiarabu, maana Granada ilikuwa chini ya Waislamu hadi 1492. *Azúcar* ni sukari, *aceituna* ni zeituni, *fulano* ni fulani. *Hasta mañana*? Hata kesho, kama wazee wetu wanavyosema "toka asubuhi hata jioni". *Alcalde*, yaani meya, ametoka kulekule alikotoka kadhi. Ila *pera* siyo pera letu. Utaletewa tunda jingine.

Jiandae kwa jambo moja: Waandalusia, yaani watu wa eneo hili la Granada, humeza s. *Más o menos* utasikia "ma o meno". Mwezi wa kwanza usijilaumu.

Hatua ya 5: Chumba

Usitume pesa kwa chumba ambacho hujakiona. Lala hosteli siku chache, utafute *piso compartido*, nyumba ya kuchangia na wenzako, kwa miguu. Chagua kwa kampasi: wa sayansi za afya mtaa wa Zaidín unawafaa, wa Cartuja watapanda kilima kila siku. Uliza kuhusu joto, maana usiku wa Januari hushuka hadi sifuri na nyumba nyingi za zamani ni baridi kuliko nje. Ukiona meza ya duara yenye kitambaa kizito na hita chini yake, kaa hapo na daftari lako.

Kula ni rahisi. Kantini za chuo ni nafuu, na mabaa mengi ya mjini hukupa sahani ndogo bure ukiagiza kinywaji, hata maji ya zabibu yasiyo na kilevi, *mosto*. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu au zaidi.

Hatua ya 6: Mitihani na kuondoka

Alama ni 0 hadi 10, kufaulu ni 5. Walimu huitwa kwa jina la kwanza. Mimi niliyezoea shikamoo ulimi uligoma hadi Novemba. Ukianguka kuna *convocatoria extraordinaria*, yaani mtihani wa marudio, kwa hiyo angalia tarehe yake ndipo ukate tiketi ya kurudi.

Kabla ya kuondoka, pakua guía docente zote tano uzihifadhi mahali pawili. Mimi idara ilizidai miezi minne baada ya kurudi.