Somo: Kuchagua waya wa sauti ya dijitali, kutoka kwenye TV hadi kwenye spika zako

Wanachama, salaam. Malipo ya korosho yakianza kuingia, maduka ya elektroniki hapa Mtwara mjini hujaa watu wanaotafuta TV na sabufa, na swali linalonifikia huwa lilelile: ninunue waya gani? Wengi wanabeba TV nzuri na ampulifaya nzuri, halafu wanaviunganisha kwa waya mwembamba wa tundu la hedifoni kwa sababu ndio uliokutwa ndani ya boksi. Tundu hilo linatoa sauti ambayo chipu ndogo ya TV imeshaigeuza kuwa analojia. Ukipita njia ya dijitali, sauti inatoka ikiwa bado ni namba, na kazi ya kuigeuza inafanywa na ampulifaya, ambayo kwa kawaida imetengenezwa vizuri zaidi kwa kazi hiyo.

Tafadhali msitoe hela kabla ya kumaliza hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Soma matundu

Geuza TV, washa tochi ya simu, soma kilichoandikwa nyuma. OPTICAL ni tundu la mraba lenye kimlango kidogo. TV ikiwa imewashwa, ukikisukuma unaona mwanga mwekundu ndani. COAXIAL ni la duara, sawa na yale ya njano, nyekundu na nyeupe, ila mara nyingi lina rangi ya chungwa. La tatu ni HDMI, na hapa tazama vizuri: kati ya HDMI zote za TV, mara nyingi ni moja tu iliyoandikwa ARC au eARC, na ni hiyo inayorudisha sauti kwenye spika.

Fanya hivyohivyo upande wa ampulifaya au saundibaa. Kwa optiko na koaksia, hakikisha kwenye TV kumeandikwa OUT na kwenye ampulifaya IN. Waya wako ni ule wa tundu lililopo pande zote mbili. Kama sabufa yako ina nyekundu na nyeupe tu, hakuna waya peke yake utakaokusaidia; unahitaji kile kiboksi kidogo kinachopokea optiko au koaksia na kutoa analojia. Vingi vinatumia umeme wa volti 5, kwa hiyo tundu la USB la TV linatosha kukiwasha.

Hatua ya 2: Jua unapitisha sauti gani

Optiko na koaksia zinabeba mfumo mmoja, S/PDIF, uliobuniwa na Sony na Philips. Kiunganishi cha optiko chenyewe kilitoka Toshiba mwaka 1983, enzi CD zikiwa bado mpya. Mfumo huu unapitisha stirio kamili isiyobanwa. Sauti ya CD, biti 16 na kilohezi 44.1, inapita bila shida. Unapitisha pia 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, iliyobanwa kwa Dolby Digital au DTS. Dolby TrueHD, ile inayobanwa bila kupoteza chochote, haipiti. Anayeitaka hiyo atafute eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017. ARC ya kawaida ni ya tangu HDMI 1.4, mwaka 2009.

Kwa mwenye spika mbili na sabufa, anayesikiliza taarabu, mpira na taarifa ya habari, yoyote kati ya hizo tatu inamtosha kabisa. Kama vyombo vyako vyote vina ARC, mimi nakushauri ARC, kwa sababu ya rimoti moja. Kama vinanguruma, optiko. Sababu zake zinakuja kwenye maswali.

Hatua ya 3: Pima njia ya waya

Usipime hewani. Pitisha futi kamba pale waya utakapopita kweli: kushuka ukutani, kuzunguka kona, kuingia nyuma ya kabati. Ongeza nusu mita, basi. Optiko ya plastiki inafanya kazi vizuri hadi mita 5, na nzuri hufika 10.

Hatua ya 4: Dukani

Hapa ndipo hela zinapopotea. Waya wa dijitali unapitisha namba: zikifika, zimefika. Waya mbovu hauwezi kupunguza besi wala kufanya sauti ya mwimbaji iwe nzito. Ukiwa na kasoro utasikia mikwaruzo, sauti inayokatikakatika, au kimya. Kwa hiyo msilipie maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti. Mwenye hela ya ziada aiweke kwenye spika.

Optiko: muombe muuzaji uijaribu. Elekeza tochi ya simu kwenye ncha moja, tazama nyingine. Unapaswa kuona nukta ya mwanga iliyo safi na ya duara. Nukta ikiwa hafifu au imekatika upande, rudisha. Dhahabu kwenye pini ya optiko haina kazi yoyote, kwa sababu kinachopita ni mwanga katikati, haupiti kwenye chuma.

Koaksia: tafuta wa ohmu 75. Na hapa kuna akiba wengi hawaijui. Ule waya wa njano wa picha, uliokuja na deki ya DVD, nao umekusudiwa kuwa wa ohmu 75. Chomeka njano hiyo kwenye tundu la chungwa pande zote mbili. Kwa mita moja au mbili unafanya kazi ileile. Waya wa antena nao ni wa ohmu 75, fundi akiufunga pini za RCA, zile za duara kama za waya wa njano, unakuwa koaksia nzuri na imara. Kwenye koaksia dhahabu ina maana kidogo kwetu tunaokaa karibu na bahari. Upepo wa chumvi wa Shangani na Mikindani unakula pini za kawaida mpaka zinaota ukijani, na dhahabu haishiki kutu. Aliye na pini za kawaida azifute kwa kitambaa chenye spiriti mara mojamoja, waya ukiwa umechomolewa.

Hatua ya 5: Kufunga

Zima vyote kwanza. Optiko mpya inakuja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili, vingine vyeupe kabisa kama kioo, vitoe. Usiisukume kwa nguvu, igeuze mpaka umbo likubali. Kona zake zisiwe ndogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, maana ikivunjika ndani hairekebishiki. Kisha ingia kwenye menyu ya sauti ya TV, chagua sauti itokee kwenye optiko, koaksia au ARC.

Maswali ya wanachama

Lindi mjini: *Fundi, nimefunga kiboksi na optiko, taa nyekundu inawaka. Nyimbo za kwenye flashi zinasikika, lakini baadhi ya filamu ni kimya. Waya mbovu?*

Hapana ndugu yangu, waya wako mzima. Filamu hizo zina Dolby, na viboksi vingi vya bei ya chini vinaelewa PCM tu, yaani stirio isiyobanwa. Nenda kwenye menyu ya sauti, sehemu ya Digital Audio Out, toa Auto au Bitstream, weka PCM. TV itaifungua Dolby yenyewe na kutoa stirio.

Masasi: *Shikamoo mwalimu. Sabufa inanguruma muda wote, hata nikipunguza sauti. Nikichomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi inanyamaza.*

Marahaba. Umejipatia jibu nusu. Umeme mdogo unazunguka kupitia ardhi ya dishi, king'amuzi, TV na ampulifaya. Optiko haina shaba, haipitishi umeme, kwa hiyo inakata mzunguko huo. Badilisha waya wa TV na ampulifaya uwe optiko, na uchomoe ule wa zamani kabisa. Ukiuacha, ngurumo itabaki. Ila radi zikianza bado chomoa plagi ukutani, maana radi inaweza kupita kwenye umeme wa nyumba.

Newala: *Kaka, tangu niweke optiko rimoti ya TV haipunguzi sauti. Mama analalamika kwa kuwa inabidi ainuke.*

Mpe pole mama. Kwenye TV nyingi sauti ya optiko inatoka kwa kiwango kimoja, na kuongeza au kupunguza ni kazi ya ampulifaya. Kama vyote vina ARC, hamia huko na uwashe CEC, mpangilio unaowezesha rimoti moja kuongoza vyombo vyote viwili. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Waya wa HDMI wa kawaida unatosha kwa ARC.

Kilwa Masoko: *Mimi sina TV. Nasikilizia simu, nimenunua kiboksi cha USB. Simu inasema inachaji, sauti haitoki.*

Huenda uliotumia ni waya wa chaji tu, usio na nyaya za data ndani. Tumia ule unaohamisha picha kwenda kompyuta. Na kama simu yako ina mpangilio wa OTG, unaoiruhusu simu kutumia vifaa vya USB, uwashe kabla ya kuchomeka.

Mikindani: *Spika ziko barazani, TV iko chumba cha ndani, kama mita 12. Optiko au koaksia?*

Koaksia, ya waya wa antena. Ulaze sakafuni kwanza, sikiliza jioni nzima, na usipopata mikwaruzo ndipo upigilie misumari.